Panya wa Masako, maneno ya Shakespeare: mwanafunzi wa hisabati anafuata nini msituni?

Mwanafunzi wa uzamili wa biolojia akisema anakwenda staji ya utafiti, hakuna anayeshangaa. Ana majani yake, ana vyura wake. Wa isimu naye ana wazungumzaji, daftari na kinasa sauti. Lakini wa hisabati? Watu humtazama kana kwamba ameomba ruhusa ya kwenda kuvua samaki. Vitu vyake vyote, wanadhani, viko ubaoni, na ubao uko chuoni. Makala haya yanaeleza anachokwenda kufanya, kwa mfano wa mahali pamoja karibu na Kisangani, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wa lugha kuliko tunavyodhani.

Kwanza neno lenyewe. Kongo tunasema staji, kutoka Kifaransa. Tanzania vitabu husema mafunzo kwa vitendo, na wanafunzi wenyewe husema wanakwenda fildi. Majina haya yote yanachanganya mambo mawili. Kuna staji ya kazi, ambapo unakwenda benki au ofisini kujifunza jinsi wenyeji wanavyofanya jambo wanalolijua tayari. Na kuna staji ya utafiti, ambapo mwenyeji wako ana swali ambalo yeye mwenyewe hajalijibu, akakupa kipande chake ukihangaike kwa miezi miwili au mitatu. Kama hakuna swali, hata karatasi ikiandikwa "utafiti" kwa herufi kubwa, mwanafunzi ni mkono wa bure wa kuingiza namba kwenye kompyuta. Nimeona ripoti za namna hiyo. Zina jalada zuri na kurasa arobaini, lakini huwezi kusema mwandishi wake alitaka kujua nini.

Sasa Masako. Ukitoka Kisangani kwa barabara ya zamani ya Buta, kwenye kilomita ya 14 hivi unafika kwenye msitu wa akiba wa hekta 2,105, uliozungukwa kwa sehemu na pindo la mto Tshopo. Chuo Kikuu cha Kisangani kimeutumia kwa miaka mingi kama darasa la nje. Wanabiolojia wameweka mitego humo usiku baada ya usiku, wakihesabu panya na virukanjia, na kazi hiyo ilizaa matunda yanayojulikana mbali na Tshopo. Mwaka 1990 Erik Van der Straeten na Dudu Akaibe walitoa maelezo ya spishi mpya ya panya kutoka Masako, wakaiita Praomys mutoni. Panya wa kundi hilo wanafanana sana. Ukiwapanga mezani, mtu asiye na ujuzi ataapa kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni vipimo: urefu wa fuvu, upana wake, safu ya meno, kwa panya mmoja baada ya mwingine, mpaka ionekane kwamba vipimo vinajikusanya katika mafungu mawili badala ya moja. Wapi fungu moja linaishia na lingine kuanza? Hilo ni swali la takwimu kabla ya kuwa swali la panya.

Lakini kazi ya mwanahisabati inaonekana vizuri zaidi katika swali la kitoto kabisa: msituni mna panya wangapi?

Huwezi kuwaita wajipange. Unachofanya ni hiki. Tuseme unatega, unakamata panya 60, unawatia alama, unawaachia. Baada ya siku chache unatega tena na kukamata 50, na kati yao 12 wana alama. Ikiwa walio na alama wamechanganyika sawasawa na wenzao, basi 12 katika 50 ni sawa na 60 katika jumla yote. Zidisha 60 kwa 50, gawa kwa 12: unapata 250. Panya 250, na wengi wao hujawaona kwa macho. Hesabu hii ina wazee wengi. Laplace aliitumia mwaka 1802 kukadiria idadi ya watu wa Ufaransa bila kuwahesabu wote, Petersen wa Denmark aliileta kwenye samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Lincoln wa Marekani akaipeleka kwa bata mwaka 1930.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Kwa nini basi umpeleke wa uzamili mpaka Masako?

Kwa sababu hesabu ile imesimama juu ya "ikiwa". Ikiwa alama hazifutiki. Ikiwa kati ya mtego wa kwanza na wa pili hakuna panya aliyehama au kuliwa na nyoka. Na kubwa kuliko zote, ikiwa panya aliyekwisha kukamatwa ana nafasi sawa ya kukamatwa tena kama yule ambaye hajawahi kuuona mtego. Tuseme chambo ni chikichi kilichoiva. Panya akila chikichi, akalala salama mtegoni, asubuhi akaachiwa, jioni atarudi mwenyewe: amepata hoteli. Basi katika mkamato wa pili badala ya 12 wenye alama utakuta 20, na hesabu itakupa 150. Panya mia moja wamepotea kwenye karatasi bila hata mmoja kufa. Au kinyume chake, panya ameogopa, hasogei tena karibu na mtego. Wenye alama wanakuwa 6, na msitu wako ghafla una panya 500. Namba zinatoka 150 mpaka 500 kwa msitu uleule, panya walewale, kanuni ileile.

Hapo ndipo staji inapoanzia. Mwanafunzi anaketi na wanaotega, anauliza mitego imepangwaje, anagundua kwamba mitego ya pembeni ya njia inakamata tofauti na ya ndani, kwamba usiku wa mvua si kama usiku mkavu. Kisha anarudi kwenye kompyuta na kujenga msitu wa kubuni ambamo anajua ameweka panya 250 kamili, anawapa tabia ya kupenda chikichi kwa kiwango hiki au kile, na kuona kanuni inakosea kwa kiasi gani. Akimaliza anaweza kumwambia mwenyeji wake: kwa mitego yako ilivyo, makadirio yako yako chini, na ukitega usiku wa tatu utaweza kujua ni kwa kiasi gani. Ni matokeo madogo, lakini mwenyeji wake hakuwa nayo jana.

Kuna na haraka. Masako iko karibu na mji, na mji unapika kwa makala. Mashamba na tanuri za makala vimekuwa vikiingia msituni kutoka pembeni, na msitu mkongwe umebaki ukizungukwa na vichaka na mashamba yaliyoachwa. Mtu akisema "wanyama wamepungua", sharti awe na namba ya jana ya kulinganisha na ya leo, na zote mbili ziwe zimepatikana kwa njia ambayo makosa yake yanajulikana. Vinginevyo hatujui kama waliopungua ni panya au ni mitego.

Wenzetu wa hisabati wanaotafuta staji kwa kawaida hutazama mbali: AIMS, mtandao wa vituo vya hisabati ulioanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003, na ambao baadaye ulifungua vituo Senegal, Ghana, Kamerun, Tanzania na Rwanda, au safari za Ulaya kwa msaada wa CIMPA ya Ufaransa. Ni nafasi nzuri, nazo ni chache. Kilomita 14 kutoka mjini, kwa pikipiki au hata kwa toleka ukiwa na miguu ya kuvumilia, kuna maswali yanayosubiri mtu. Kinachokosekana mara nyingi ni mambo ya kawaida kabisa: barua ya makubaliano kati ya vitivo viwili, msimamizi mmoja kila upande, nauli, na mapatano ya mapema juu ya nani atamiliki data na jina la nani litaandikwa kwenye makala. Hilo la mwisho liandikwe kabla ya mtego wa kwanza. Baada ya matokeo kupatikana, kila mtu hukumbuka mapatano kwa namna yake.

Na sisi wa lugha tunaingia wapi? Nafasi yetu ya kwanza iko wazi. Mwanafunzi anafika na maswali yaliyoandikwa kwa Kifaransa, wakati wanaojua njia za msituni wanazungumza Kiswahili, Kilingala, na lugha nyingine za hapa kama Kikumu. "Panya" wa Kiswahili ni jina pana mno kwa kazi hii, na kirukanjia, ambaye kwa mwanabiolojia si panya hata kidogo, watu wengi humtia humohumo. Anayeuliza "mmewaona panya wangapi?" atajibiwa, lakini atakuwa amehesabu kitu kingine.

Nafasi ya pili imefichika zaidi. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa vipepeo, Corbet, alikuwa amekusanya vipepeo Malaya kwa miaka miwili. Spishi 118 alizipata mara moja tu kila moja, 74 mara mbili, 44 mara tatu, 24 mara nne, na kuendelea. Swali lake lilikuwa: nikirudi kwa miaka miwili mingine, nitapata spishi ngapi ambazo sijawahi kuziona? Alimpelekea mwanatakwimu R. A. Fisher, na mwaka 1943 wakachapisha jibu pamoja na Williams. Njia mojawapo ya kulipata ni rahisi kiasi cha kukasirisha: chukua 118, toa 74, jumlisha 44, toa 24, endelea hivyo kupokezana mpaka mwisho wa orodha. Inatoka kama 75. Walioonekana mara moja tu ndio wanaotoa habari za wasioonekana.

Mwaka 1976 Bradley Efron na Ronald Thisted waliondoa vipepeo wakaweka maneno ya Shakespeare, yuleyule ambaye Nyerere alimtafsiri. Kazi zake zote zina maneno 884,647, na ukihesabu kila neno mara moja unabaki na 31,534. Kati ya hayo, 14,376 yanatokea mara moja tu. Kwa hesabu ya ukoo uleule walikadiria kwamba Shakespeare alijua angalau maneno 35,000 zaidi ambayo hakuyaandika popote. Mwaka 1985 likapatikana shairi lililodaiwa kuwa lake, lenye maneno 429. Hesabu ilitabiri liwe na maneno mapya 7 hivi. Lilikuwa na 9. Hiyo haithibitishi kwamba ni lake, na mabishano yaliendelea, lakini hata hivyo ni jambo la ajabu: hesabu iliyoanza kwa vipepeo kuketi katika mjadala wa wahakiki wa fasihi.

Basi mwanafunzi anayetoka Masako akijua kuhesabu panya asiowaona anajua pia kukadiria msamiati usioonekana. Tungeweza kumpa staji ya mwezi mmoja katika kitivo chetu. Kiswahili kina kopasi kubwa, ile ya Helsinki iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen, yenye mamilioni ya maneno, hasa maandishi ya Tanzania. Kiswahili cha Kisangani hakimo kwa kiasi cha kuonekana. Ni mitego gani itupwe, sokoni, redioni, kanisani, na kwa siku ngapi, mpaka tuseme tumekwisha kusikia sehemu kubwa ya maneno yake? Hilo ni swali la Corbet neno kwa neno.

Ila hapo yeye ndiye atakayetuhitaji. Efron na Thisted walihesabu umoja na wingi wa Kiingereza kama maneno mawili, na hawakuumia sana. Fanya hivyo kwa Kiswahili uone. Nilikwenda, nitakwenda, asipokwenda, tulipokwenda, wangalikwenda: kila moja litaonekana kopasini mara moja au mbili, orodha ya "walioonekana mara moja" itafura, na kanuni itatuambia kwamba Kiswahili kina maneno yasiyo na mwisho. Tukikata viambishi vyote na kubaki na mizizi, tutakuwa tumetupa nusu ya kinachotufurahisha. Halafu kuna lahaja. Muuzaji akisema bitu biko na mwenzake akasema vitu viko, je, tumekamata panya wawili au mmoja mara mbili? Mwanahisabati hana namna ya kujua, na kompyuta yake pia haina. Ataliacha pengo katika jedwali na kusubiri tumwambie, na sisi wenyewe kitivoni bado hatuna jibu moja.