Sindano ya uzazi wa mpango na hamu ya bukari: homoni zinafanya nini?

LUBUMBASHI – Miongoni mwa wanawake wanaotumia sindano ya miezi 3 ya kupanga uzazi, lalamiko moja hurudi mara kwa mara: njaa imezidi na nguo zinabana. Baadhi huiacha kimyakimya, kisha hushika mimba wasiyoitarajia. Je, kweli sindano huongeza njaa? Kwa baadhi yao, inawezekana.

Hamu ya kula huongozwa na ubongo, na homoni za uzazi zina sauti humo. Estrojeni hupunguza hamu hiyo kwa kuzipa nguvu ishara za shibe zinazotoka tumboni. Panya jike aliyeondolewa ovari hula zaidi na kunenepa. Akipewa estrojeni, hurudia kiasi chake cha awali. Kwa panya dume ni kinyume: akihasiwa, hula kidogo.

Kwa mwanamke, hamu hupungua siku zinazokaribia yai kupevuka, estrojeni inapokuwa juu. Baadaye projesteroni hupanda, na ulaji huongezeka hadi hedhi ikaribie. Kwa wastani, tafiti zimeona ongezeko la zaidi ya kalori 100 kwa siku, sawa na matonge machache ya bukari.

Sindano hiyo ina medroksiprojesteroni, dawa inayofanya kazi kama projesteroni. Huzuia yai kupevuka na hushusha estrojeni, hivyo wengine huchelewa kuhisi shibe. Lakini si wote hunenepa. Wapo wasiobadilika kabisa.

Namna ya kujua ni kupima uzito siku ya sindano ya kwanza, kisha baada ya miezi 6. Anayeongezeka zaidi ya asilimia 5 katika muda huo, yaani kilo 3 kwa mwenye kilo 60, huelekea kuendelea kunenepa. Huyo azungumze na muuguzi kuhusu njia nyingine, kama kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni.

Sahani nayo husaidia: bukari ipungue, maharage na lengalenga ziongezeke. Sombe ni nzuri, ila mawese mengi huipandisha kalori.

Anayetaka kuacha sindano awe kwanza na njia nyingine. Kinga ikiisha, mimba inaweza kutunga hata kabla hedhi haijarudi.