Fahamu: Ada ya Programu ya Usanifu na Kodi ya Aliyejiajiri
Katika Turiani, Tanzania, chini ya milima ya Nguru, ambako matrekta ya miwa huelekea kiwanda cha Mtibwa, yumo pia msanifu wa michoro ambaye riziki yake, iwe kadi ya harusi au bango la duka, hutoka katika kompyuta. Na kila mwezi hukatwa ada ya programu kama Adobe, ambayo asipoilipa kazi husimama.

Je, ada hiyo yahesabiwa kuwa gharama ya biashara? Naam: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 11, yaruhusu kuondoa katika mapato yale matumizi yaliyofanywa kwa ajili ya kuyapata tu, hivyo sehemu itumikayo kwa picha za jamaa sharti itengwe. Lakini, na hapa ndipo wengi wanapokosea, anayelipa kodi ya makadirio hutozwa kwa mauzo wala si kwa faida, basi ada hiyo, ingawa nzito, haimpunguzii kitu. Haki ya kuiondoa ni ya mwenye kuandaa hesabu. Kwake, gharama ya kompyuta yenyewe huondolewa kama uchakavu, asilimia 37.5 kwa mwaka.

Namsihi msanifu asiiache stakabadhi ipotee katika barua pepe: aichape siku ile ile, aandike juu yake kwa kalamu shilingi zilizokatwa na kazi iliyofanywa, kisha aihifadhi miaka 5, kama iagizavyo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015.