Skrini Isiyoonyesha Nukta Zake Zote

Katika steshenari za Majengo, mjini Songea, si ajabu kukuta kompyuta iliyokwisha kutumika ng'ambo ikionyesha herufi kubwa zenye ukungu, na mwenye mali ameshaambiwa kwamba skrini imekufa, hana budi anunue nyingine. Mara nyingi skrini hiyo ni nzima kabisa. Shule nazo hupotoshwa hivyo hivyo, na fedha ya vitabu ikaishia dukani.

Picha ya kompyuta hujengwa kwa nukta. Skrini bapa ya inchi 17, ile iliyokaribia umbo la mraba, kwa kawaida ina nukta 1,280 kwa upana na 1,024 kwa kimo, yaani jumla 1,310,720. Nazo hazipungui wala haziongezeki. Kompyuta ikipeleka picha ya nukta 800 kwa 600, kila nukta ya picha hulazimika kutandazwa juu ya nukta 1.6 za skrini kwa upana. Nukta haigawanyiki. Kwa hiyo rangi za jirani huchanganywa, na kingo za herufi huvurugika.

Kwa nini ipeleke picha haba namna hiyo? Kwa sababu haijui inazungumza na nani. Tangu mwaka 1994 umekuwapo utaratibu ambao kwao skrini huieleza kompyuta uwezo wake, kwa ujumbe mfupi wa baiti 128. Ujumbe usipofika, kompyuta huchagua kiasi kidogo ambacho takriban kila skrini hukimudu. Ni tahadhari ya busara, maana baadhi ya skrini za zamani, zile za bomba la kioo, ziliweza kuharibika zikipelekewa mawimbi yaliyozidi uwezo wao.

Basi uchunguzi uanze na waya. Katika waya wa VGA, wenye nafasi 15 za pini, ujumbe hupita katika pini ya 12 na ya 15. Mojawapo ikivunjika, picha huendelea kuonekana na rangi zake zote, lakini ujumbe hukatika. (Pini ya 9 ikikosekana usishtuke, nyaya nyingi hutengenezwa bila hiyo.) Jaribu waya mwingine, kisha uwashe kompyuta upya.

Hali isipobadilika, peleka skrini pamoja na waya huo kwenye kompyuta nyingine. Picha ikiwa safi huko, kasoro imo katika kompyuta ya kwanza, na aghalabu ni kukosekana kwa programu ya kuendeshea kadi ya picha, hasa ikiwa Windows imewekwa upya karibuni. Katika orodha ya vifaa, kadi hiyo itatajwa kwa jina la jumla, si kwa jina lake. Programu yake hutolewa bure na waliotengeneza kadi au kompyuta yenyewe, na yaweza kuletwa kwa flashi kutoka penye intaneti. Ikishawekwa, fungua marekebisho ya skrini, uchague 1,280 kwa 1,024.