Ogiek wa Mau: mila haifundishwi bila msitu

Sisi watu wa Pwani husema mwacha mila ni mtumwa. Lakini aliyenyang'anywa mahali pa kuifanyia mila yake, tumwiteje?

Nawasemea ndugu zetu Ogiek wa msitu wa Mau, huko Nessuit na Mariashoni, kaunti ya Nakuru. Mila yao ni asali. Huchonga gogo likawa mzinga, wakalitundika juu mtini. Kila ukoo una sehemu yake ya msitu. Asali kwao ni chakula, ni dawa, na posa haikamiliki bila hiyo.

Kituo cha utamaduni ni jambo jema: mtoto atauona mzinga na kujifunza jina lake kwa lugha ya babu zake. Lakini kukwea mti na kutuliza nyuki kwa moshi hakufundishwi darasani.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2017 kuwa serikali ya Kenya ilivunja haki zao. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157 na ushei, wapewe hati za ardhi yao, na lugha yao itambuliwe. Hata hivyo, Novemba 2023 wengine walifurushwa Sasimwani, upande wa Narok.

Nasi je? Mtoto wetu anayelijua neno ngalawa, lakini njia ya kwenda ufuoni imezibwa ukuta, amerithi nini? Vituo tujenge, ila msitu na bahari tuvidai kwanza.