Kujenga Upya Kilichobadilika Tu

Maktaba ya ICU, ambayo programu nyingi huitegemea kupanga herufi, tarehe na maandishi ya lugha za dunia, hutoa toleo kubwa karibu kila miezi sita. Toleo la 74 lilitoka Oktoba 2023, la 75 likafuata Aprili 2024. Anayepakua vifurushi vilivyokwisha kuundwa hana la kuhangaikia. Lakini anayetumia Gentoo, aina ya Linux ambayo vifurushi vyake hujengwa kwenye kompyuta ya mtumiaji, au anayejenga portsi za FreeBSD kutoka msimbo chanzo, huenda akaamriwa kujenga upya LibreOffice nzima kwa sababu ya toleo hilo, na kwenye laptopu ya zamani kazi hiyo hula saa nyingi. Mjini Nchelenge, Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, saa hizo zina bei. Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mwezi uliofuata ZESCO, shirika la umeme la nchi hiyo, ikaanza mgao wa umeme wa saa 8 kwa siku. Mwenye paneli ya jua na betri naye anajua kwamba prosesa inayokompaili usiku kucha haimwachii chaji ya asubuhi.

Kwa hiyo swali la kifurushi kipi kijengwe upya na kipi kiachwe si la wapenda kompyuta peke yao.

Chanzo cha upotevu mwingi ni tarehe. Stuart Feldman wa Bell Labs alipoandika make, programu ya kusimamia ujenzi, mwaka 1976, alitumia kanuni rahisi: faili la chanzo likiwa na tarehe ya karibuni kuliko zao lake, zao lijengwe tena. Kanuni hiyo imedumu kwa sababu ni nyepesi na mara nyingi inatosha. Ila tarehe haisemi kilichobadilika. Ukifungua faili na kulihifadhi bila kugusa hata herufi moja, make inaliona jipya. Mvuvi wa Kashikishi, jirani na Nchelenge, akikuta wavu umetoboka hushona palipotoboka, hafumi wavu mwingine. Lakini yeye ameutazama wavu kwa macho yake, wakati make imetazama kalenda tu.

Kinachopaswa kutazamwa ni makubaliano kati ya maktaba na programu inayoiita: majina ya kazi zake, mpangilio wa data, ukubwa wa kila kitu kwenye kumbukumbu. Makubaliano hayo yana alama unayoweza kuisoma mwenyewe. Andika readelf -d pamoja na njia ya programu ya Linux inayoita maktaba za mfumo, utaona mistari yenye neno NEEDED. Mmoja huenda ukasema libz.so.1, mwingine libicuuc.so.74. Hayo ndiyo majina ambayo programu itayatafuta inapoanza. Machi 2022, zlib 1.2.12 ilitoka kuziba tundu la usalama, na jina likabaki libz.so.1. Hakuna programu iliyohitaji kujengwa upya kwa ajili hiyo mradi iliiita maktaba hiyo kwa jina. Ilitosha kuifunga na kuifungua tena. ICU ni kinyume chake: namba 74 ikigeuka 75, programu ya jana inatafuta jina ambalo halipo tena, nayo inakataa kuanza. Hapo kujenga upya ni lazima.

Gentoo ilipiga hatua nzuri mwaka 2012 ilipokubali EAPI 5, toleo la kanuni za kuandika vifurushi vyake, ambayo humwezesha mtunzaji wa kifurushi kuandika alama ya makubaliano kando ya namba ya toleo. Alama ikibadilika, vifurushi vilivyotangaza kuitegemea hujengwa upya, isipobadilika, vinaachwa. Naona hii ni kazi ya heshima kubwa: mtu mmoja anapima mara moja, na maelfu hawachomi umeme bure. Mtumiaji naye ana sehemu yake. Wengi wamezoea kusasisha kwa emerge, kisakinishi cha Gentoo, wakiiongezea --newuse, ambayo hujenga upya kifurushi hata kama kimeongezewa tu chaguo ambalo hukuliwasha. Weka --changed-use, na chaguo lisilokuhusu halitakugharimu kitu. Kisha tanguliza --pretend, usome orodha kabla ya kuiruhusu. Herufi ndogo r kando ya kifurushi inakuambia kimelazimishwa kujengwa upya, pengine kwa sababu ya alama ile ya makubaliano.

Ubahili una mipaka, na hapa ndipo wengi huumia. Programu iliyoimeza maktaba ndani yake wakati wa kujengwa, kama zilivyo nyingi za Go na Rust, haitapata tiba ya tundu la usalama mpaka ijengwe upya, hata kama maktaba ya mfumo imeshasasishwa. Kwa C++, sehemu kubwa ya Boost hukaa kwenye faili za vichwa na huingia moja kwa moja katika programu, kwa hiyo readelf haitakuonyesha chochote. Aliyeruka kujenga kwa sababu hakuona jina kwenye orodha anabaki na kasoro ileile akidhani amepona.

Kwa yale yasiyoepukika, kuna ccache. Hutunza matokeo ya kila faili lililokompailiwa, na ikikutana tena na maudhui yaleyale, kwa kompaila ileile na chaguo zilezile, hukupa jibu la zamani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, emerge kwa kawaida huanza kifurushi upya, lakini mafaili yaliyokwisha kupita hurudi kwa haraka kutoka kwenye hazina hiyo. Angalia jambo moja: bila kuelekezwa vingine, ccache huitambua kompaila kwa ukubwa na tarehe yake. Ukisakinisha tena kompaila ileile ya GCC, hata kama baiti zake hazikubadilika, hazina yote inakuwa haina kazi. Weka compiler_check = content kwenye mipangilio, nayo itapima baiti zenyewe.