Candombe: Ngoma Isiyo na Nyumba

Watu wetu wakirudi kutoka Amerika ya Kusini, Buenos Aires watakusimulia mpaka usinzie, na Rio watakuonyesha picha. Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, huwa wanaumaliza kwa pumzi moja: ufuko mzuri, nyama nzuri, Wazungu watupu. Ngoma wanazozisikia huko mwezi wa Februari wanasema ni mbwembwe za karnivali, za kuwafurahisha wageni. Maneno hayo yananikera, na kunyamaza kwangu kumekwisha.

Katika sensa ya 2011, kama watu wanane katika kila mia nchini Uruguay walijitaja kuwa na asili ya Afrika. Wazee wao hawakuhamia huko kwa hiari. Mwishoni mwa karne ya 18, Montevideo ilikuwa bandari ya Wahispania ya kushushia watumwa kwa eneo lote la Río de la Plata. Meli zilitoka Angola, Kongo na Afrika ya Magharibi, na zilitoka pia upande wetu wa bahari: Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, bandari zilizomeza mateka wengi wa Kimakua. Mmakua wa Masasi akiambiwa kwamba Montevideo haimhusu, amedanganywa.

Huko ugenini walijikusanya kwa mataifa, Wakongo na Wakongo wenzao, watu wa Msumbiji na wenzao, kila taifa likiwa na ukumbi wake, mfalme wake na malkia wake, wakisaidiana katika ugonjwa na kuzikana. Kila tarehe 6 Januari, sikukuu ya Mamajusi, walimsherehekea Balthazar, yule anayechorwa mweusi kati ya wale watatu, na ibada ikiisha ngoma zilianza. Mwaka 1808 wenye mji walimwendea gavana wakitaka zipigwe marufuku. Utumwa ulifutwa kwa sheria ya 1842, nchi ikiwa vitani, na wanaume walioachwa huru wakaingizwa moja kwa moja jeshini. Waliosalimika walirudi kwenye ngoma zao, na ngoma hizo ndizo candombe.

Tuzitazame basi, maana hapo ndipo mgeni anapopita bila kuona. Ziko za aina tatu. Chico ndiyo ndogo, yenye sauti kali, na hurudia pigo lile lile tangu safari inapoanza hadi inapokwisha. Mpigaji wake hasifiwi na mtu, lakini akiteleza yeye, wote wameanguka. Piano ni ile kubwa nzito inayobeba wenzake kutoka chini. Repique ndiyo msemaji: huita, hukatiza, hutania, hujibiwa. Kila mpigaji huvaa ngoma yake kwa mkanda begani, mkono mmoja mtupu, mwingine umeshika mkwiro, na kuna wakati mkwiro huo unagonga mbao za ubavuni kuwapa wote mwendo. Zamani ngoma zenyewe zilichongwa kutokana na mbao za mapipa. Mikono huchubuka, na damu kwenye ngozi ya ngoma si ajabu.

Kabla ya kuondoka, moto huwashwa kando ya barabara, nazo ngoma hulazwa kuuzunguka ili ngozi zikaze. Siku hizi zipo ngoma za kukazwa kwa skurubu, lakini wenye nazo bado huusogelea moto, kwa kuwa hapo ndipo mtaa unapokutana. Wazee hujuliana hali, habari za waliofiwa na waliojifungua hupokewa, na watoto husimama nyuma wakijifunza kwa masikio kabla hawajaruhusiwa kugusa kitu. Mtalii huona moto, akapiga picha, akaenda kutafuta kiti.

Kisha safu inaanza kutembea. Hatua ni fupi, nyayo zinakaribia kusugua lami, na wenyeji husimulia kuwa ni ukumbusho wa minyororo ya mababu. Barrio Sur, Palermo na Cordón ndiyo mitaa mama, na kila mmoja una pigo lake. Wa Cuareim, yaani Barrio Sur, hupiga kwa utulivu, ilhali wa Ansina, yaani Palermo, huchapuza mwendo. Aliyezaliwa pale hahitaji kufungua dirisha kujua ni akina nani wanaopita. Tangu zamani kundi la mtaa mmoja lilitoka kwenda kuliita la mtaa mwingine, na hilo likajibu, mpaka yakutane njiani. Gwaride rasmi la Februari, lililoanza 1956, limejengwa juu ya desturi hiyo ya kuitana, na limeifanya ionekane kama mashindano.

Mbele ya ngoma wanatangulia wazee watatu, na hao ndio niwapendao kuliko wote. Wa kwanza ni Mama Vieja, bibi wa nyumba, mwenye sketi pana, mwavuli mkononi na upepeo, anayekwenda kwa madaha ya mtu aliyelea watoto wa wengine maisha yake yote na bado hakuinamisha shingo. Wa pili ni Gramillero, mganga wa mitishamba, mwenye ndevu nyeupe, kofia ndefu, fimbo na mkoba wa dawa. Hutetemeka mwili mzima kwa uzee, na ghafla pigo likimwingia hucheza kuliko vijana, kisha uzee ukamrudia. Wa tatu ni Escobero, mwenye aproni ya ngozi na ufagio mfupi anaouzungusha vidoleni, mabegani na shingoni bila kuuangusha, akifagia njia ili mabaya yasiwapate wanaomfuata. Mlezi, mganga na msafisha njia: jamii iliyonyang'anywa majina yake iliamua kuwatanguliza hao, ikawaacha nyuma mashujaa wa vita na matajiri. Anayesema huo ni mchezo wa karnivali aniambie ni utamaduni gani umepanga watu wake vizuri zaidi.

Wasichana wa manyoya na vito vinavyometa, ambao kamera zote huwakimbilia, ni nyongeza ya karne ya 20; wana wapenzi wa kutosha, hawanihitaji. Kuna pia Wazungu wanaojipaka weusi usoni na kuingia katika makundi, desturi iliyoanza miaka ya 1870. Wageni wa siku hizi wakiiona huihukumu candombe nzima kuwa dhihaka. Rangi ile siipendi na sitaitetea. Lakini kosa la aliyeiga haliwezi kuwa hatia ya aliyeigwa.

Mengine ya Montevideo hayana ubishi. Tango ni yao pia, maana "La Cumparsita" ilitungwa pale na Gerardo Matos Rodríguez, kijana wa mji huo. Nyama ya kuchoma kwa kuni Mercado del Puerto, soko lililofunguliwa 1868, inashibisha, na mnada wa Jumapili wa Tristán Narvaja utakuuzia kitabu kikuukuu, sufuria na ndege wa kufuga katika barabara moja. Nitasimama kidogo kwenye kinywaji chao tu, kiitwacho mate. Watu hutembea na chupa ya maji moto kwapani, na kibuyu cha majani ya yerba huzungushwa, wote wakinyonya kwa mrija mmoja wa chuma. Anayemimina ni mmoja, mrija hautumiwi kukorogea, na ukisema asante maana yake umetosheka, hutapewa tena. Mgeni mwenye adabu zetu za kushukuru kila mara hubaki na kiu.

Sasa nirudi kwenye linaloniuma. Candombe ilikulia katika majumba ya vyumba vya kupanga, kama zile nyumba zetu za uswahilini: kila familia na chumba chake, ua ni mmoja, bomba ni moja, na siri hazipo. Lililovuma kuliko yote ni Mediomundo, katika namba 1080 ya barabara ya Cuareim, lililojengwa 1885. Mchezaji Rosa Luna alizaliwa humo, na kundi la Morenada lilitokea humo. Tarehe 3 Desemba 1978 utawala wa kijeshi uliwafukuza wakazi wake kwa madai kwamba jengo litaanguka. Wapigaji walipiga ngoma zao za mwisho uani, wakatoka na magodoro yao, na jumba likabomolewa. Muda si mrefu wa Ansina nao walifikwa na yale yale. Familia zilizokuwa zikiitana kwa ngoma kutoka mtaa hadi mtaa zikatawanywa pembezoni mwa mji, mbali na kazi na mbali na moto.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Hii ilivuma na ikadumu. Kilichovunjika ni nyumba yake. Mwaka 2006 bunge lilitunga sheria namba 18.059 na kuifanya tarehe 3 Desemba kuwa Siku ya Taifa ya Candombe. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza candombe katika orodha ya urithi wa binadamu, pamoja na mazingira ya kijamii inamoishi. Nashukuru kwa yote mawili. Lakini mazingira hayo ni ua, bomba na majirani, na hayo hayakurudishwa. Februari viti hupangwa na kuuzwa kando ya Isla de Flores, vibaraza vya ghorofani hukodishwa, na wajukuu wa waliofukuzwa huja kwa basi kupiga ngoma mbele ya nyumba ambazo kodi yake hawaimudu.

Usiniambie kuwarudisha hakuwezekani. Wanawake weusi wa ushirika wa Ufama al Sur waligeuza jengo kuukuu la Barrio Sur kuwa makazi yao wenyewe. Kilichowezekana kwa ushirika mmoja kinawezekana kwa serikali.

Nawe msafiri, Februari isikutoshe. Nenda Jumapili ya kawaida jioni, Barrio Sur au Palermo, usubiri moto uwashwe. Wasalimie wazee kwanza. Tembea nyuma ya ngoma au kandoni, usikatize safu, usimsogezee mpigaji simu usoni. Ukirudi, usituambie tena kuwa kule ni Wazungu watupu. Na Uruguay, kwa yote iliyoyaandika katika sheria, bado ina deni: imeilinda ngoma, haijawarudishia wenye ngoma mtaa wao.