Mizani ya Ndege na Gunia la Mahindi

Mtu wa Maposeni, kijiji jirani na Peramiho katika wilaya ya Songea, akiazimu kwenda Dar es Salaam, ana njia mbili: basi liondokalo alfajiri na kupita Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro, masafa ya kilomita zipatazo 950, ambalo humteremsha usiku miguu imemvimba, au ndege ya pangaboi itokayo kiwanja cha Ruhuwiko, imfikishayo kwa muda usiozidi saa mbili. Lakini buti la basi halichagui: huingia gunia la mahindi, debe la maharage, hata tenga la kuku. Ruhuwiko mzigo hupandishwa mizanini, na kila kilo inayozidi hulipiwa. Anayetaka kujua taathira ya ndege duniani, na aanze kwa kuitazama mizani hiyo.

Mnamo tarehe 17 Desemba 1903, kule Marekani, Orville Wright aliruka kwa sekunde 12 tu. Haikupita miaka kumi na miwili, eropleni za Waingereza zikawa zinaruka kutoka kisiwa cha Mafia hadi juu ya delta ya Rufiji, Julai 1915, kuwaelekeza wapiga mizinga mahali ilipojificha manowari ya Kijerumani Königsberg. Basi nchi yetu iliijua ndege kwa vita kabla ya kuijua kwa abiria. Baada ya vita zilifuata barua, na mwaka 1946 likaanzishwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililokufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki, kila nchi ikabaki kujitafutia mbawa zake.

Tangu hapo hadi leo kanuni ni ile ile: maadamu kila kilichomo lazima kinyanyuliwe kwa nguvu ya mafuta, ndege hupenda kitu chepesi chenye thamani, au kitu kisichoweza kungoja. Ndiyo sababu waridi la Naivasha, likatwalo leo, huruka Nairobi hadi Ulaya kabla halijanyauka, ilhali hindi la Songea, zito na rahisi, husafiri kwa lori. Na hakuna kisichoweza kungoja kama mgonjwa: hili ndilo lililowasukuma matabibu watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, kuanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari warukao, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF.

Mustakabali nao, kwa mtu wa kijijini, huenda usiwe katika ndege kubwa zaidi, bali katika ndogo isiyo na rubani. Rwanda imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa droni tangu 2016. Na mwaka 2018, katika majaribio yaliyofanyika kwetu, droni ilivuka Ziwa Viktoria kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40, ikiwa imebeba dawa. Chupa ya damu ni nyepesi, na uhai uliomo hauna bei, mizani haiikatai.

Lakini yako malipo yasiyoandikwa kwenye tiketi. Usafiri wa anga hutoa kiasi cha asilimia 2.5 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za wanadamu, na mataifa, yalipokutana Montreal mwaka 2022, yalikubaliana juu ya lengo la kuifikisha sufuri halisi ifikapo 2050, ingawa mafuta safi yanayotegemewa bado ni machache na ghali mno. Hali ya hewa ikivurugika, wa kwanza kuumia ni mkulima anayengoja mvua ya Novemba, naye aghalabu hajapata kupanda ndege hata mara moja. Kwa hiyo insafu ni kwamba mkulima huyo naye apate haki yake kutoka angani: kama si kiti, basi dawa imfikie kwa wakati. Gunia lake litaendelea kwenda kwa lori. Hilo si neno, mradi mvua imenyesha na gunia limejaa.